Kilomita 46 na shilingi milioni 190: fedha ianzie wapi?

Swali: Diwani wa kata moja yenye mashamba ya chai na misitu ya kupandwa wilayani Mufindi, mkoani Iringa, ameandika kwamba kata yake ina kilomita 46 za barabara za udongo na changarawe. Kila mwaka greda hupita, na kila mwaka mvua za Novemba zikishakolea barabara hurudi ilivyokuwa, malori ya mbao yakalala njiani na wagonjwa wakabebwa kwa bodaboda mpaka pale gari linapofika. Kwa mwaka wa fedha ujao ameambiwa ategemee kama shilingi milioni 190. Wananchi wanataka fedha yote imwagwe changarawe kwenye kilomita sita zilizo mbaya kuliko zote, ilhali mhandisi anapendekeza greda lipite kata nzima. Anauliza nani yuko sahihi, na namna ya kupanga fedha kwa miaka mitatu badala ya kugombania barabara upya kila bajeti inapoandaliwa.

Jibu: Mheshimiwa Diwani, wananchi wako wana hoja na mhandisi wako ana hoja, lakini ukimfuata mmoja wao peke yake utaniandikia tena mwakani barua hii hii. Fedha yote ikiishia kwenye kilomita sita mbaya, kilomita 40 zilizobaki hazitaguswa, zikiwamo zile ambazo leo bado ni nzuri na ambazo kuzitunza kungekugharimu kidogo. Greda likipita kata nzima bila mtaro kuzibuliwa wala kalavati kuongezwa, mtapata barabara laini kuanzia siku ya kukabidhi kazi hadi mvua kubwa ya tatu au ya nne. Ushauri wangu ni njia nyingine, ambayo haifurahishi sana mkutanoni: anza na maji, kisha linda kilomita zilizo nzuri, kisha fungua sehemu zinazokwamisha magari kwenye zile mbaya, na changarawe ya kilomita nyingi mfululizo iingie kwenye mpango wa mwaka wa pili na wa tatu.

Nieleze kwanza kwa nini. Tabaka la changarawe ni kitu kinacholika, mithili ya soli ya kiatu. Magari hulisaga, upepo hupeperusha vumbi lake wakati wa kiangazi, na mvua hubeba chembe ndogo zinazoshikanisha mawe. Kwa kawaida barabara ya changarawe hupoteza kati ya milimita 10 na 30 za unene wake kwa mwaka, kutegemea magari, mvua, mteremko na aina ya kifusi. Tuchukue milimita 15 kwa barabara yenye upana wa mita 5.5. Kila kilomita inapoteza mita za ujazo 82 na nusu za changarawe iliyoshindiliwa, ambazo zikirudishwa katika hali ya kulegea, kama zinavyopakiwa machimboni, zinakaribia mita za ujazo 107, yaani tipa 11 za mita 10 kila moja. Kata yenye kilomita 14 za changarawe inapoteza zaidi ya tipa 150 kwa mwaka bila mtu yeyote kuziona zikiondoka. Bajeti isiyotenga chochote kwa ajili ya upotevu huo inakula mtaji, hata kama hesabu zake zinalingana mpaka senti ya mwisho.

Maji hufanya kazi hiyo kwa kasi kubwa zaidi. Barabara iliyo bapa hulihifadhi dimbwi, tairi hulipiga dimbwi likatoa tope, tope likiondoka panabaki shimo, na shimo la leo ndilo dimbwi kubwa zaidi la kesho. Penye mteremko, barabara isiyo na mgongo, yaani isiyoinuka katikati, hugeuka kuwa mto wenyewe, kwa sababu maji hayana mahali pa kutokea. Ndiyo maana wahandisi wa zamani walipenda kusema kwamba barabara inahitaji mambo matatu, ambayo ni mtaro, mtaro na mtaro. Walikuwa wakitania, lakini si sana.

Kabla ya kugawa shilingi moja, barabara zote zitembelewe kwa miguu. Simaanishi kupita na gari huku mkizungumza na dereva, kwa maana ukiwa ndani ya gari unaona mashimo tu. Watu wawili wenye gurudumu la kupimia umbali, sururu, kamba ya mita tano, timazi maji ya fundi uashi na simu inayopiga picha zenye alama ya mahali wanaweza kumaliza kilomita sita au saba kwa siku. Kwa kila mita 500 waandike mambo machache. Je, katikati ya barabara kumeinuka kuliko pembeni? Mtaro upo, na maji yake yanaishia wapi? Kalavati liko wazi, limeziba nusu au limeziba lote? Changarawe imebaki na unene gani? Unene haukadiriwi kwa macho. Chimbeni kishimo kidogo, mara upande wa kushoto, mara wa kulia, mpime kwa rula. Ziara moja ya namna hii ifanyike kiangazi, na nyingine, ambayo ni muhimu zaidi, ifanyike wakati mvua inanyesha. Nusu saa ukiwa na koti la mvua kwenye kona ambako maji yanakatiza barabara itakufundisha mengi kuliko taarifa ya kurasa 20.

Hesabuni na magari, kwa siku saba mfululizo ili siku ya gulio iwemo, kuanzia alfajiri hadi jioni, mkitenganisha pikipiki, magari madogo, mabasi madogo, malori ya chai na malori ya magogo. Kwa Mufindi hesabu ya malori ya magogo ndiyo itakayoamua mambo mengi, na nitairudia hapa chini.

Tuseme ziara hiyo imekupa picha ifuatayo: kilomita 14 za changarawe iliyowekwa miaka mitatu iliyopita ambazo bado ni nzuri, kilomita 19 za hali ya wastani, na kilomita 13 mbaya. Hapo ndipo penye kishawishi cha kuanza na mbaya kuliko zote. Naielewa hisia hiyo, kwa kuwa mwenye barabara mbaya ndiye anayepiga kelele na mwenye barabara nzuri hukaa kimya. Lakini kilomita moja iliyoharibika kabisa inadai kuchongwa upya, kuinuliwa, kuchimbiwa mitaro na kumwagiwa changarawe ya unene wote, ilhali kilomita moja nzuri inadai kufyekwa, kuzibuliwa mitaro na kuchongwa kidogo. Gharama ya ya kwanza inaweza kuwa mara kumi ya ya pili au zaidi. Ukiiacha nzuri iharibike ili kuiokoa mbaya, umenunua kilomita moja kwa bei ya kilomita moja na papo hapo umepoteza nyingine kumi.

Tena, kilomita 13 mbaya hazina ubaya sawa katika urefu wake wote. Karibu kila nilipopima nimekuta kwamba kinachozuia gari ni vipande vifupi. Katika mfano wetu, tuseme ni mita 1,400 za tope katika mabonde mawili, sehemu tatu ambako maji yanakatiza barabara bila kalavati, na mlima mmoja wa mita 200 unaoteleza. Gari linalokwama kwenye mita 40 za tope limekosa barabara yote, hata kama kilomita 12 nyingine zinapitika. Kwa lugha ya wahandisi wetu kazi hii huitwa matengenezo ya maeneo korofi, na kwa fedha ndogo sioni kazi nyingine inayorudisha faida haraka kama hiyo.

Sasa tugawe milioni 190. Bei ninazotumia ni za mfano tu. Badala yake weka za mkoa wako, ambazo mhandisi anazo.

Kundi la kwanza ni kazi za mkono kwenye kilomita 33 nzuri na za wastani: kufyeka nyasi, kuzibua mitaro na makalavati, kuziba mashimo, kurudisha changarawe iliyotupwa pembeni. Mtu mmoja kwa kila kilomita mbili ni watu 17. Kila mmoja akifanya kazi siku 12 kwa mwezi, kwa mwaka mzima ni siku 2,448 za kazi, na kwa shilingi 10,000 kwa siku ni shilingi 24,480,000. Ukiongeza zana na usimamizi, weka milioni 27. Kundi la pili ni kuchonga kilomita hizo hizo 33 kwa greda, kumwagia maji na kushindilia, kwa milioni 1.8 kwa kilomita. Jumla milioni 59.4. Kundi la tatu ni maeneo korofi: kuinua na kumwaga changarawe kwenye mita 1,400 kwa milioni 30 kwa kilomita ni milioni 42, mistari mitatu ya makalavati, kwa milioni tisa kila mmoja, ni milioni 27, na mikanda miwili ya zege ya kupitisha matairi kwenye ule mlima, yenye upana wa sentimita 90 na unene wa sentimita 20 kila mmoja, inameza mita za ujazo 72 za zege, ambazo kwa shilingi 350,000 kwa mita ya ujazo ni milioni 25.2. Jumla kuu ni milioni 180.6. Milioni 9.4 zinazobaki ziitwe akiba ya dharura na zisiguswe mpaka mvua zipite nusu, hata diwani mwenyewe akiombwa.

Utaona kwamba kila mtaa umepata kitu, na wale wa kilomita 13 wamepata kile hasa walichokuwa wakikililia, yaani kufika sokoni na hospitali, japo hawakupata barabara nzima mpya.

Kundi la kwanza ndilo linaloonekana dogo na ndilo ninalokuomba ulipiganie kuliko yote, kwa sababu ndilo linalokatwa kwanza fedha ikipungua. Kenya walilijua hili mapema. Mpango wao wa barabara za vijijini ulioanza mwaka 1974 ulijenga barabara kwa nguvu kazi ya wenyeji, kisha ukawaachia baadhi ya wale wale waliozijenga jukumu la kutunza kilomita moja na nusu hadi mbili kila mmoja, karibu na nyumbani kwake, kwa siku tatu za kazi kila wiki. Uzuri wa utaratibu huo ni kwamba mtunzaji yupo mvua inaponyesha. Mkandarasi mwenye greda yuko Mafinga au Iringa mjini, na mpaka ajulishwe, apate dizeli na kibali cha kuja, kalavati lililozibwa na matawi ya paini limeshafurika na kukata barabara. Mama mwenye koleo anayeishi mita 300 kutoka hapo angelizibua kwa dakika 20.

Mkataba wa watu hawa, au wa kikundi chao, ulipwe kwa matokeo na si kwa kuhudhuria. Mwisho wa mwezi msimamizi apite na karatasi moja: mitaro iko wazi, midomo ya makalavati iko wazi pande zote mbili, hakuna shimo linalozidi upana wa karai, nyasi hazizibi maji kutoka barabarani. Kipengele kisichotimia hukatwa sehemu ya malipo. Na malipo yenyewe yasichelewe. Kikundi kinachodai miezi minne hakizibui kalavati la mtu, nami sikilaumu. Sheria ya manunuzi ya umma inatenga sehemu ya zabuni kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, na kazi hizi ndizo zinazowafaa kuliko nyingi. Wasaidieni vikundi vya kata yenu wajisajili kwenye mfumo wa manunuzi mapema, kwa sababu usajili ndio unaowakwamisha wengi kuliko kazi.

Nije kwenye greda, na hapa niungame kosa langu. Nikiwa mhandisi kijana nilisimamia kuchongwa kwa kilomita 22 mwezi Septemba, katikati ya kiangazi, bila boza la maji wala mtambo wa kushindilia, kwa sababu fedha ilikuwa imefika na tulitaka itumike. Greda lilikwangua juu tu, likaupeleka udongo mkavu katikati, nao ukabaki unga. Hadi Oktoba nusu yake ilikuwa juu ya migomba ya watu. Isitoshe, opereta aliacha tuta la udongo kila upande wa barabara, kama kingo za mfereji, na mvua ya kwanza ilipofika maji yalishindwa kuvuka tuta kwenda mtaroni, yakakimbia katikati ya barabara mpaka bondeni. Kwenye taarifa niliandika kwamba kilomita 22 zimekamilika. Ilikuwa kweli, kwa wiki sita.

Udongo huchongwa ukiwa na unyevu. Kwa Mufindi, ambako mvua huanza Novemba na kuishia Mei, muda mzuri ni Mei mwishoni na Juni, barabara ikiwa bado haijakauka, na mara nyingine mwanzoni mwa Novemba mvua za kwanza zikishalainisha. Ukilazimika kuchonga kati ya Agosti na Oktoba, mkataba utaje boza la maji na mtambo wa kushindilia kwa majina, na kazi isipokelewe bila hivyo. Upokeaji wenyewe si jambo gumu. Kwa barabara ya mita 5.5, mgongo wenye mteremko wa asilimia tano unamaanisha kwamba katikati kuwe juu kuliko ukingo kwa sentimita 14 hivi. Shikeni kamba kutoka katikati hadi ukingoni, iwekeni sawa kwa timazi maji, pimeni ukingoni kwa rula. Mkikuta sentimita nne, greda limefagia tu, halikuchonga. Mtendaji wa kijiji anaweza kukipima hiki, na hakuna mkandarasi atakayebishana na rula. Tuta la pembeni likikutwa limeachwa, mkandarasi aliondoe kabla hamjasaini.

Wakati greda liko kazini ndipo mitaro ya kuchepusha maji ichimbwe, ile inayotoka kwenye mtaro wa pembeni kwenda shambani au kichakani. Ardhi ikiruhusu, iwepo kila mita 50 hadi 100. Hapa kuna kazi ya kisiasa ambayo mhandisi hawezi kukufanyia: maji hayo yanaingia kwenye shamba la mtu. Kaeni naye kabla ya greda kufika, mkubaliane mtaro upite wapi, ikiwezekana umwage penye nyasi au miti na si kwenye matuta ya viazi. Mitaro mingi niliyoiona imezibwa haikuzibwa na mvua. Ilizibwa usiku, kwa jembe, na mwenye shamba ambaye hakuulizwa.

Kuhusu changarawe, mambo mawili tu. La kwanza ni ubora: kifusi kizuri kina mawe madogo, mchanga na udongo wa kunata kidogo wa kuvishikanisha. Kikiwa mchanga mtupu kitajikunja kama bati ndani ya miezi michache, na udongo wa mfinyanzi ukizidi kitateleza kikilowa. Maabara ndiyo yenye neno la mwisho, lakini hata machimboni unaweza kulowesha kiganja kimoja cha kifusi, ukakifinyanga. Kikigoma kabisa kushikana, uliza maswali. Mawe makubwa kuliko ngumi yasipakiwe, kwa maana greda halitayasawazisha, litayaburuta. La pili ni idadi. Mita zetu 1,400 kwa upana wa mita 5.5 na unene wa sentimita 15 uliokwisha kushindiliwa zinadai kama mita za ujazo 1,500 zilizolegea, yaani tipa 150 za mita 10. Mweke kijana mwenye daftari machimboni na mwingine barabarani, na jioni madaftari yalinganishwe. Umbali wa machimbo ndio unaotawala bei ya changarawe, basi tafuteni machimbo ya karibu na mwenye eneo alipwe kwa maandishi kabla ya zabuni kutangazwa.

Msimwage changarawe kwenye ule mlima. Mteremko ukizidi asilimia sita hivi, changarawe huanza kusombwa haraka, na ukifika asilimia 10 au 12 ni sawa na kumwaga fedha mtaroni. Mikanda ya zege ni ghali siku ya kwanza, lakini baadaye hamtaigusa kwa miaka mingi, ilimradi mitaro yake ijengewe kwa mawe na nafasi kati ya mikanda ijazwe mawe pia. Penye mawe mengi na mafundi uashi wazuri, kutandika mawe barabara nzima huweza kushindana na zege kwa bei. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, umejenga madaraja ya mawe huko Kigoma na katika mikoa mingine, na kwa vijito vidogo vya Mufindi ningemwomba mhandisi alilinganishe wazo hilo na kalavati la zege kabla ya kuamua. Kalavati lolote jipya lisipungue kipenyo cha sentimita 60, kwa sababu dogo zaidi ya hapo halizibuliki kwa koleo.

Sasa mwaka wa pili na wa tatu. Kilomita 14 nzuri zilianza na sentimita 15 za changarawe. Kwa upotevu wa milimita 15 kwa mwaka, baada ya miaka mitatu zimebaki na milimita 105, na baada ya miwili mingine zitafika 75. Hapo ndipo pa kuongeza, kabla magari hayajagusa udongo wa chini, kwa kuwa kuongeza milimita 75 juu ya tabaka lililo zima kunagharimu, tuseme, milioni 17 kwa kilomita, si 30. Lakini kilomita zote 14 kwa pamoja zingefika milioni 238, zaidi ya bajeti yako nzima. Kwa hiyo anza mwaka wa pili na kilomita tano zilizobaki nyembamba zaidi kwa mujibu wa vishimo vyenu: milioni 85. Kazi za mkono sasa zifike hata kwenye zile kilomita 13 zilizofunguliwa, watu saba zaidi, na gharama itoke milioni 27 hadi 38. Kuchonga kubaki milioni 59.4. Jumla ni milioni 182.4, na milioni 7.6 ni akiba. Mwaka wa tatu rudia kwa kilomita tano nyingine, na nne za mwisho mwaka wa nne. Bei zitapanda, na kila mwaka itabidi upunguze kilomita moja hapa au pale. Ukipunguza, punguza changarawe, usipunguze watu wenye koleo.

Kuhusu kalenda, mwaka wetu wa fedha huanza Julai 1, lakini mwaka wa mvua wa Mufindi haujui hilo. Fedha za matengenezo hutoka zaidi kwenye Mfuko wa Barabara, ambao hujazwa na tozo ya mafuta ya petroli na dizeli; mwaka 2021 Serikali iliongeza shilingi 100 kwa lita mahsusi kwa barabara zilizo chini ya TARURA. Tozo hukusanywa mwezi hadi mwezi, hivyo usipange kana kwamba milioni 190 zitafika Julai zikiwa ndani ya bahasha moja. Makalavati na mikanda ya zege, ambayo yanahitaji ukavu, yapewe fedha ya kwanza, mikataba ikiwa tayari kusainiwa Julai na kazi ikiisha Oktoba. Changarawe ifuate Septemba na Oktoba, pamoja na boza la maji. Greda la kilomita 33 liwekwe Mei na Juni, mwishoni mwa mwaka huo huo wa fedha, na mkataba wake usainiwe mapema ili usije ukafungiwa mfumo wa malipo Juni 30. Kazi za mkono ziende kila mwezi. Mtandao wa TARURA una zaidi ya kilomita 144,000 nchi nzima, sehemu kubwa ikiwa udongo na changarawe, nanyi mnashindana na kata nyingine zote. Orodha yenye namba, picha na vipimo iliyofika kwa meneja wa wilaya kabla rasimu ya bajeti haijaandikwa hushinda hotuba iliyotolewa baada ya rasimu.

Nimeahidi kurudi kwenye malori ya magogo. Lori lililojaa likipita kwenye changarawe iliyolowa hadi chini, kwa siku moja linaweza kuchimba makorongo ya matairi ambayo greda litahitaji wiki kuyaondoa. Kameruni wana utaratibu wa vizuizi vya mvua: kijiti kinashushwa mvua inaponyesha, malori mazito yanasubiri saa kadhaa barabara ikauke, gari la wagonjwa linapita. Kwa kata yako hili liende kwa sheria ndogo ya halmashauri na kwa makubaliano na wavunaji, kwa maana kijiti bila sheria huzaa rushwa. Wavunaji wenyewe mara nyingi wana greda na tipa. Waulizeni, kwa maandishi na mbele ya mhandisi, watachangia mashine kwa siku ngapi Juni, ili barabara wanayoitumia kuliko wote isitegemee tozo ya mafuta peke yake. Halmashauri nayo inakusanya ushuru wa mazao ya misitu. Si vibaya kuuliza kwenye baraza ni kiasi gani cha ushuru huo kinachorudi kwenye barabara zilizoyabeba mazao hayo.

Mkutano wa wananchi nao utauliza kwa nini kilomita sita hazikupata changarawe. Wapeleke bondeni, wasimame kwenye zile mita 1,400, wahesabu nao tipa 150. Kisha waoneshe mahali kalavati litakapokaa na shamba ambalo maji yataingia, na mwenye shamba awepo.